Sheikh Ahmad Dahlan wa Java: Aliyejenga Jumuiya Isiyokufa Pamoja Naye

Himdi zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'aala), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake, Maswahaba zake na waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'd,

Ndugu zetu Waislamu, visiwani kwetu hatuna uhaba wa watu wa kheri. Ni taabu kuukuta mtaa wa Unguja au kijiji cha Pemba kisichokuwa na chuo cha Qur-aan, kamati ya msikiti, kikundi cha kusaidia mayatima au jumuiya ya kina mama. Kinachotusumbua ni umri wa hizo kheri. Nyingi huzaliwa na mtu mmoja, hulelewa na mtu mmoja, na siku akizikwa huzikwa naye. Tumeshuhudia madrasa iliyosomesha watoto kwa miaka mingi ikifungwa mlango kabla arubaini haijatimia, kwa kuwa funguo, hesabu na majina ya wafadhili vyote vilikuwa kichwani mwa marehemu. Tumeshuhudia pia warithi na wanakamati wakifikishana mbele ya Kadhi kwa kiwanja ambacho hapana aliyeandika kuwa ni cha waqfu.

Kwa ajili hiyo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mwanachuoni mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, naye ni Sheikh Ahmad Dahlan wa Java, muasisi wa jumuiya ya Muhammadiyah. Wanavyuoni wamekubaliana naye katika mambo na wamekhitalifiana naye katika mengine, na hiyo ni ada ya elimu. Sisi hapa tunakusudia jambo moja tu: vipi aliiongoza kazi ya umma hata ikasimama bila ya yeye.

Kuzaliwa na Malezi Yake

Alizaliwa mwaka 1868 katika mtaa wa Kauman, ubavuni mwa Msikiti Mkuu wa Sultani katika mji wa Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia ya leo. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Majid bin Said. Wazazi wake walimpa jina la Muhammad Darwis. Baba yake, Kiai Abu Bakar, alikuwa khatibu wa msikiti huo, na mama yake, Siti Aminah, alikuwa binti wa mkuu wa mambo ya dini wa mji. Neno Kiai kwa Wajava ni kama sisi tunavyosema Sheikh. Darwis alikuwa wa nne katika watoto saba.

Java ilikuwa mikononi mwa Waholanzi. Sultani alibaki na kiti chake na heshima zake, lakini amri ilikuwa kwa mgeni, hali ambayo wazee wetu nao waliionja kuanzia mwaka 1890. Watu wa Java wengi ni Shafi'i kama sisi, na masharifu wa Hadhramaut walifika kwao kama walivyofika kwetu, wakaoa na kusomesha. Msomaji wa visiwani angeingia Kauman ya zama hizo asingejiona mgeni sana: darsa baina ya Magharibi na Isha, maulidi, biashara ndogo ndogo, na sheikh anayejulikana na kila mtoto wa mtaa.

Alipofika miaka 15, mwaka 1883, alikwenda Makkah kuhiji na akabaki kusoma miaka mitano. Aliporudi mwaka 1888 alikuwa amebadilisha jina, akaitwa Ahmad Dahlan. Akamuoa Siti Walidah, jamaa yake wa hapo Kauman, ambaye atakuwa na nafasi kubwa katika kisa hiki. Maisha yake aliyaendesha kwa biashara ya vitambaa vya batiki, na baba yake alipofariki alishika nafasi ya ukhatibu.

Mwaka 1903 alikwenda Makkah mara ya pili. Miongoni mwa walimu wake huko alikuwa Sheikh Ahmad Khatib al-Minangkabawi, mwanachuoni wa Sumatra aliyepata kuwa imamu na khatibu wa Kishafi'i katika Masjid al-Haraam. Kwa mwalimu huyo huyo alisoma pia Kiai Hasyim Asy'ari, ambaye baadaye, mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Nahdlatul Ulama, jumuiya nyengine kubwa ya Waislamu wa Indonesia. Hivyo mwalimu mmoja alitoa wanafunzi wawili walioshika njia mbili, na umma ukafaidika na wote.

Mtihani wa Kibla

Kabla ya safari hiyo ya pili ulimpata mtihani ambao kila kiongozi kijana anapaswa kuuzingatia. Misikiti mingi ya Yogyakarta, pamoja na ule Mkuu, ilielekea magharibi moja kwa moja. Sheikh Dahlan, kwa elimu yake ya falaki, alijua kuwa kutoka Java Al-Ka'bah iko magharibi kwa kuinamia kaskazini kiasi cha daraja 24. Alikusanya wanavyuoni wakajadiliana, wasikubaliane. Baada ya hapo zikaonekana alama zimechorwa sakafuni mwa Msikiti Mkuu kuonyesha safu zinavyopaswa kuelekea. Mkuu wa dini wa mji alighadhibika, alama zikafutwa. Sheikh akajenga upya msikiti wake mdogo kwa kibla alichokithibitisha. Ikatolewa amri ya kuuvunja, na ukavunjwa.

Kwa uchungu alitaka kuihama Yogyakarta. Jamaa zake walimzuia, wakamjengea msikiti mwengine. Akarudi kusomesha, wala hakuligeuza jambo lile kuwa vita na mkuu wake. Miaka ilipopita, safu za Msikiti Mkuu wenyewe zilikuja kuelekezwa kama alivyosema.

Hesabu yake ilikuwa sahihi na bado alishindwa. Mtu peke yake, hata akiwa na haki mkononi, anaweza kuvunjiwa jengo lake kwa siku moja. Jambo linahitaji watu walioandaliwa, walioelewa na waliokubali kulibeba. Ukiyatazama maisha yake baada ya hapo, utaona kila hatua ni ya kukusanya watu na kuwaandaa.

Skuli ya Ndani ya Nyumba na Suali la Wanafunzi

Mwaka 1909 alijiunga na Budi Utomo, jumuiya ya wasomi wa Kijava iliyoasisiwa mwaka uliotangulia. Wengi wa wanachama wake walikuwa maafisa na watoto wa wakubwa waliosoma skuli za Kiholanzi, na dini haikuwa shughuli yao. Wako waliomlaumu kwa kukaa nao. Yeye alipata kwao mambo mawili: alipata nafasi ya kuwasomesha dini, na alijionea namna jumuiya inavyoendeshwa kwa wanachama, viongozi wa kuchaguliwa na vikao vyenye utaratibu. Elimu hiyo hakuikuta katika darsa za Makkah, na hakuona haya kuichukua kwa watu waliokuwa chini yake katika fiqhi.

Mwaka 1911 alifungua skuli ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliweka meza, mabenchi na ubao, akasomesha Qur-aan na dini pamoja na masomo ya dunia. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini wakati ule meza na ubao vilikuwa vya skuli za Waholanzi, na Sheikh aliitwa mpaka kafiri kwa sababu ya mabenchi. Inasimuliwa kuwa kiai mmoja alisafiri kutoka mji wa Magelang kuja kumlaumu kwa kutumia vitu vya makafiri. Sheikh alimuuliza kwa upole amekuja kwa chombo gani. Mgeni alikuwa amekuja kwa gari moshi, na gari moshi lilikuwa la Waholanzi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Tufike sasa kwenye kiini cha kisa chetu. Sheikh alikuwa akiwasomesha dini vijana wa chuo cha ualimu cha serikali kilichokuwa Jetis, na siku za mapumziko vijana hao walikuwa wakimtembelea nyumbani. Waliiona skuli yake, wakaipenda, kisha wakamuuliza: je, akifariki nani ataiendesha? Wakamshauri iwe chini ya jumuiya, isiwe mali ya mtu mmoja.

Tuangalie aliyeulizwa na waliouliza. Aliyeulizwa ni khatibu wa Msikiti Mkuu, mwenye umri wa miaka arubaini na zaidi, aliyesoma Makkah mara mbili. Waliouliza ni vijana wa skuli. Wangapi katika sisi tungeliona suali hilo ni utovu wa adabu, au kama tunaombewa mauti? Yeye alilichukua kama nasaha, akalifanyia kazi. Tarehe 8 Dhul-Hijjah 1330, sawa na 18 Novemba 1912, ikaasisiwa Muhammadiyah, yaani wafuasi wa Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Msingi wake ulikuwa ile aya ya 104 ya Suurat Aal-'Imraan inayotaka liwepo kundi la kulingania kheri, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kundi, si mtu.

Uandikishaji na Subira

Kabla mwaka kumalizika waliomba kuandikishwa kisheria. Kibali kilitoka tarehe 22 Agosti 1914, na kilikuwa cha Yogyakarta peke yake. Serikali ya Kiholanzi iliogopa jumuiya ya Waislamu yenye matawi. Sheikh hakuvunja sheria wala hakukaa kitako. Watu wa miji mengine waliotaka kumfuata waliendesha vikundi vyenye majina yao wenyewe. Wa Solo walijiita kwa zile sifa nne za Mitume ambazo kila mtoto wa chuoni kwetu anazihifadhi: Swidqi, Amana, Tabligh na Fatwana. Ruhusa ya kufungua matawi ilipopatikana, kwa Java mwaka 1920 na kwa visiwa vyote mwaka 1921, matawi yalikuwa tayari yapo na viongozi wake wamekwishazoea kazi.

Darsa ya Suuratul-Maa'uun

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha darsa ya alfajiri. Aliwasomesha wanafunzi wake Suuratul-Maa'uun. Kesho yake akaisomesha tena, na siku nyengine tena, mpaka wakachoka. Walipouliza kwa nini hawaendelei mbele, naye aliwauliza kama wameshaifanyia kazi. Wakajibu kuwa wanaisoma katika Swala zao. Akawaambia hilo silo alilokusudia. Aliwatuma watoke wakatafute mayatima na masikini wa mji, wawakogeshe, wawavishe na kuwalisha, kisha ndipo warudi darsani.

Wengi hukitaja kisa hiki kwa upande wa huruma, na ni kweli. Sisi tunakiona pia kama mafunzo ya uongozi. Asingeweza kuwapata wasimamizi wa mayatima kwa kuwahutubia. Aliwapa kazi ndogo wakaifanya, wakaona ugumu wake kwa macho yao, na katika vijana wa namna hiyo ndimo walimotoka viongozi wa idara zake.

Kugawa Kazi

Mwezi wa Juni 1920, katika kikao alichokiongoza mwenyewe, kazi za Muhammadiyah ziligawiwa idara nne, na kila idara ikapewa mtu wake. Skuli alipewa Haji Hisyam, da'wah Haji Fachrodin, uchapishaji na maktaba Haji Mokhtar, na misaada kwa wenye dhiki Haji Syuja'. Kila mmoja alisimama akaeleza anakusudia kufanya nini. Syuja' alipotaja kuwa atajenga hospitali, nyumba ya masikini na nyumba ya mayatima, waliohudhuria walicheka. Hospitali zilikuwa za serikali na za wamishionari. Waislamu wa kawaida wa Kauman wangeipata wapi? Syuja' hakurudi nyuma, na Sheikh hakumvua kazi aliyompa.

Tanbihi: Sheikh angeweza kuzishika idara zote nne mwenyewe, na kwa elimu yake pengine angeziendesha vizuri zaidi. Lakini angezishika, zingekufa naye.

Nafasi ya Wanawake

Mkewe, Siti Walidah, anayejulikana kama Nyai Ahmad Dahlan, alianza kwa kuwasomesha wanawake na wasichana wa mtaani dini na kuandika. Mwaka 1917 kazi hiyo ikawa jumuiya kamili yenye jina la Aisyiyah, kwa kunasibishwa na Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa). Sheikh alikuwa amewahimiza wasichana wa Kauman wasome pia skuli za serikali, huku wakiendelea na dini kwake. Mmoja wao, Siti Bariyah, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa Aisyiyah. Mke wa muasisi alikuwapo, mwenye elimu na heshima, na hata hivyo uongozi ulipewa msichana aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Ilipofika mwaka 1919 Aisyiyah ilikuwa na skuli yake ya watoto wadogo.

Vijana wa kiume nao walipata chama chao cha skauti, Hizbul Wathan. Humo alipitia Sudirman, aliyekuwa mwalimu wa skuli ya Muhammadiyah na baadaye akawa mkuu wa kwanza wa jeshi la Indonesia huru.

Mali ya Jumuiya

Kuhusu fedha inasimuliwa kuwa ulifika wakati hazina ilikuwa tupu na walimu hawajalipwa. Sheikh alipiga ngoma ya kuita watu. Majirani walipokusanyika akawaambia kuwa anavinadi vyombo vya nyumbani kwake ili walimu wapate haki yao. Watu walinunua nguo, saa, viti na makabati, wakalipa, kisha wakaondoka bila ya kuchukua kitu. Zilipatikana fedha zaidi ya zilizohitajika. Alipoulizwa kuhusu kilichozidi, hakukirudisha nyumbani kwake; kiliingia katika mfuko wa jumuiya.

Aliuza vyake kulipa deni la jumuiya, na wala hakuchukua cha jumuiya kulipa deni lake. Ndiyo maana siku alipoita, watu walikuja na mifuko yao.

Kufariki Kwake

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa, na madaktari wakamtaka apumzike. Alikwenda mapumzikoni na huko huko akaendelea na kazi. Mkewe alipomsihi, alieleza kuwa anaweka msingi wa jambo kubwa, na akilichelewesha yeye, watakaokuja nyuma watalikuta zito zaidi. Alisafiri mji baada ya mji kuwaona watu wa matawi.

Tarehe 15 Februari 1923 Haji Syuja' na wenzake walifungua zahanati yao Yogyakarta, ile iliyochekewa. Siku nane baadaye, tarehe 23 Februari 1923, Sheikh Ahmad Dahlan alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 54. Allah Amrehemu na Amkubalie mema yake.

Uongozi ulikwenda kwa shemeji yake, Kiai Ibrahim, ambaye aliendelea kuchaguliwa katika mikutano ya kila mwaka. Baada yake alikuja Haji Hisyam, yule wa idara ya skuli, na mwaka 1937 akachaguliwa Mas Mansur, mtu wa Surabaya, nje kabisa ya Kauman. Leo Muhammadiyah ina vyuo vya elimu ya juu zaidi ya 150, hospitali zaidi ya 100 na maelfu ya skuli. Zahanati iliyochekewa ni hospitali kubwa ya Yogyakarta mpaka sasa. Sheikh mwenyewe aliacha maandishi machache sana, na wengi wa waliomtaja hutaja taasisi zake.

Mafunzo Tunayoyapata

Kwanza, suali la wale vijana wa Jetis tuwaulize viongozi wetu, na sisi tujiulize tukiwa viongozi: ukifariki leo usiku, kesho nani ataufungua mlango wa madrasa? Kama jibu halipo, basi kazi haijakamilika, hata kama wanafunzi wamejaa mpaka barazani.

Pili, jumuiya iandikishwe kwa Mrajis, na waqfu uandikwe na ushuhudiwe. Allah (Subhaanahu wa Ta'aala) Ametuamrisha kuandika deni la baina ya watu wawili katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur-aan. Vipi tudharau kuandika mali ya umma mzima?

Tatu, mali ya jumuiya ni amana mikononi mwa anayeishika. Haichanganywi na fedha za nyumbani, hata kwa nia ya kurudisha. Iwe na daftari, iwe na stakabadhi, na mshika fedha aisome hesabu mbele ya wanachama bila ya kungojea kutuhumiwa. Kumtaka hesabu mtu mwema si kumvunjia heshima, bali ni kumkinga yeye na watoto wake na maneno ya watu baada yake.

Nne, vijana na kina mama wapewe kazi yenye jina na mamlaka, si kuandaa chai na kupanga viti siku ya maulidi tu. Waachiwe wakosee kidogo leo tungali hai na tunaweza kuwasahihisha. Na akisimama Syuja' wetu akasema atajenga hospitali, tusimcheke.

Tano, na hili ni la wazazi: kumuombea maiti wetu thawabu ya sadaka yenye kuendelea ni jambo jema, lakini sadaka haiendelei wenyewe. Huendelea kwa katibu anayeandika, kwa mshika fedha mwaminifu, kwa kamati inayokutana na kwa mtoto aliyefunzwa tangu mdogo kuwa msikiti na madrasa ni dhamana yake pia.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'aala) Amghufirie Sheikh Ahmad Dahlan na wanavyuoni wote waliotutangulia, Azibariki madrasa na jumuiya za visiwa vyetu, Azipe viongozi waaminifu, na Atujaalie tunayoyaanzisha leo yawafae wajukuu wetu. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.